KOMPYUTA IMESEMA AMERUDI

"Soma mwenyewe, mama," alisema Johnstone, akaigeuza kompyuta mpaka kioo chake kikamwelekea Kathini. "Kusoma unajua?"

Kathini alijua kusoma. Mstari ulikuwa mmoja tu: MUSYOKI. AMERUDI.

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha mwanamke huyu mlangoni mwa afisi ya klabu ya wazamiaji pale Galu, shati la mumewe mkononi, miguu imegoma kuvuka kizingiti. Sasa amekivuka. Na kwa aliyoyakuta ndani, afadhali angalibaki nje.

"Amerudi wapi?" aliuliza.

"Amerudi, kama wenzake wote. Tangu saa nane."

"Shati lake nimelitungua msumarini. Viatu vyake viko chini ya benchi. Bwana meneja, Musyoki wangu amekwenda wapi kifua wazi na miguu mitupu?"

"Pwani hii, mama, wangapi wanatembea miguu mitupu?"

"Na hii je?"

Kathini alitia vidole katika mfuko wa shati, akatoa pete ya ndoa iliyofungwa kwa uzi. Kila alipokwenda kuzama Musyoki aliivua, kwa sababu vidole husinyaa majini na pete ikachopoka. Na kila alipotoka, cha kwanza kuvaa kilikuwa pete hiyo, kabla hata ya suruali. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo.

"Hii pia ameisahau?"

Johnstone alimkonyeza Concepta, msichana aliyekaa mbele ya kompyuta. "Mama, mwanamume akitaka kwenda kustarehe Ukunda, cha kwanza kuvua ni pete."

Damu ilimpanda Kathini. Mikono yake ilikuwa ya dobi, mikono iliyokamua mashuka ya hoteli ya jirani tangu asubuhi, na kwa nukta moja shingo ya meneja ilimpendeza sana. Akajizuia. Ugomvi ungekula muda, na jua lilikuwa limekwisha kuegemea magharibi, upande wa Kwale.

Alimgeukia Concepta. Msichana hakuwa amecheka. Alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe.

"Concepta, mdogo wangu. Ulimwona Musyoki akishuka botini?"

"Nilibonyeza, dada."

"Sikukuuliza kama ulibonyeza. Ulimwona?"

Macho ya Concepta yalikwenda kwenye kitufe kimoja cha kompyuta.

Hapa, msomaji, lazima ujue kilichokuwako kabla ya kitufe hicho.

Kabla ya Pasaka klabu haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na ubao wa mvule uliopigiliwa misumari, na kila msumari ulibeba kibati chenye nambari. Mzamiaji akienda majini alichukua kibati chake. Akirudi alikitundika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mkono wake! Hata rafiki wa chanda na pete hakuruhusiwa kumtundikia. Na maadamu msumari mmoja ulikuwa mtupu, hakuna boti iliyofungwa kamba.

Lakini wageni walilalamika. Wamelowa, wana njaa, teksi zinangoja nje, nao wapangwe foleni mbele ya ubao kama watoto wa shule?

Akaja mtu wa kampuni moja ya Nairobi na programu ya kompyuta. Ilikuwa nzuri, lakini ghali, tena ina ukaidi. Kila mzamiaji alitakiwa aandike mwenyewe nambari yake ya siri akitoka majini, na akikosekana mmoja mashine ilikataa katakata kufunga safari. "Huu ni ubao uleule, umevishwa tai tu," Johnstone alisema, akamsindikiza mgeni wake hadi mlangoni. Wiki ile ile mtu mmoja wa Ukunda akamletea programu nyingine kwenye disketi, nakala ya nakala, kwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo haikuuliza maswali. Boti ikifika, unabonyeza kitufe kimoja na majina yote yanaandikwa AMERUDI.

Nani asiyependa? Wageni walifurahi. Concepta alifurahi. Wazamiaji walifurahi. Musyoki mwenyewe ndiye aliyeuomba ule ubao, akaubeba begani hadi Kinondo, na leo hii ni mlango wa banda la kuku la Kathini. Naye Kathini alifurahi kuwashinda wote, maana mumewe alianza kufika nyumbani chai ingali moto.

Mkataa pema, pabaya panamwita. Sasa pabaya palikuwa panaita, na jina lililoitwa lilikuwa la Musyoki.

"Hodi humu!"

Aliyeingia alikuwa Chome, nahodha wa boti ya pili, Mdigo mrefu mwenye kamba begani. Yeye ndiye aliyemfundisha Musyoki kuzama, zama zile watu walipokuwa wakisema Mkamba na maji ya chumvi ni wapi na wapi.

"Shemeji, salama? Mwambie huyo mumeo aje tufunge hizi boti. Amejificha wapi leo?"

Kathini alimtazama.

"Hukuja naye wewe?" alisema.

Kamba ilimteleza Chome begani.

"Kuja naye mimi? Amekuja na boti ya kwanza!"

"Nani amekwambia?"

"Huyu binti! Kule nje ya mwamba bahari ilichafuka ghafula, wazamiaji wakaibuka huku na huku, kila mtu akapanda boti iliyokuwa karibu naye. Ya kwanza ikaondoka. Mimi nikabaki namtafuta Musyoki, maana yeye hutoka wa mwisho, nyuma ya wageni wote. Nikazunguka, wala simwoni. Nikauliza kwa redio: Concepta, mwenzangu amefika na boti ya kwanza? Akanijibu, amefika, ameandikwa hapa. Nami nikageuza boti."

Kathini aliinamia meza ya msichana.

"Ulisoma wapi kwamba amefika, Concepta?" Kathini aliuliza polepole.

Machozi yalikuwa tayari yanamtoka msichana. "Kwenye kioo, dada. Boti ya kwanza ilipofika, wageni walikuwa na haraka, nikabonyeza. Kitufe hakijui boti ya kwanza wala ya pili. Kinafunga safari nzima. Chome aliponiuliza, nikasoma kilichoandikwa."

"Ulisoma ulichokiandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

Tangu saa nane! Kathini alishika ukingo wa meza asianguke. Mumewe alikuwa ameachwa nje ya mwamba, hai au maiti, na waliomwacha walikuwa marafiki zake.

"Shemeji," Chome alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilipokuwa nageuza boti, nilisikia kama..."

"Kama nini?"

"Hapana. Ndege tu. Twende zetu, tuwahi!"

"Ngojeni!" Johnstone alisimama mlangoni, mikono ameitanua. "Hakuna boti inatoka bila ruhusa yangu. Wageni wamekaa pale baa. Mnataka wasikie kwamba mtu amepotea kwa maji? Tangu zile ghasia za mwaka jana tumekaa na vitanda vitupu, sasa ndiyo wameanza kurudi. Tukipiga kelele halafu huyo jamaa apatikane Ukunda amelewa, nani atafutwa kazi? Ni mimi!"

"Musyoki hanywi pombe," alisema Chome.

"Nitahakikisha na mashine. Naizima, naiwasha. Ikiwa kuna makosa itajirekebisha."

Akaizima.

Kompyuta ile iliguna, ikalia, ikaonyesha maandishi meupe juu ya weusi, ikafikiri. Johnstone alijifuta jasho. Kathini alikuwa akitazama dirishani. Vivuli vya minazi vilikuwa vimeufikia mstari wa maji.

"Inakuja," alisema Johnstone. "Mnaona? Inakuja."

Majina yakatokea. Concepta akasogea kusoma, akaziba mdomo kwa mkono.

CLAIRE. BADO YUMO MAJINI.

"Claire gani?" Chome aliuliza.

"Yule wa Nairobi," Concepta alinong'ona. "Aliondoka Jumapili. Nilimbebea begi mimi mwenyewe mpaka kwenye teksi."

Programu ya bei ya chakula cha mchana ilikuwa imesahau wiki nzima. Ilikuwa imerudi nyuma hadi safari fulani ya zamani, na humo ndimo ilimokwama. Jina la Musyoki halikuwepo kabisa. Lakini lilikuwepo jina jingine, mstari wa mwisho, na wote wanne walilisoma kwa pamoja.

JOHNSTONE. BADO YUMO MAJINI.

"Pole sana, bwana meneja," alisema Kathini. "Kumbe nawe umekufa maji. Tukutafute wewe kwanza?"

Chome alitoa kicheko kifupi kama kikohozi. Johnstone alikimbilia tena mlangoni, akatanua mikono. Kathini hakumngoja. Alitwaa ufunguo wa boti ukutani, akapita chini ya mkono wake, akakimbia.

Nyuma yake alimsikia meneja akipiga kelele. "Lazima niongee na mwenye klabu kwanza! Lazima niongee na mwenyewe!"

Mchangani Chome alimkamata mkono. "Wewe baki, shemeji. Hujui kuogelea."

"Kuogelea sijui. Kutazama najua. Wewe utashika usukani, nani atatazama?"

Chome akamwachia.

Injini iliwaka. Walipita mlango wa mwamba, ule upenyo mwembamba ambao boti hutokea, na hapo maji yakabadilika rangi. Ndani yalikuwa kama maziwa ya chai. Nje yalikuwa meusi, yana migongo.

"Mkondo unakwenda kaskazini," Chome alisema kwa sauti kubwa ili ashinde injini. "Mtu aliyeachwa mbele ya Kinondo, saa hizi yuko hapa, au amepita. Tazama kulia. Usitazame mbali, tazama juu ya mawimbi."

"Na giza likiingia tutarudije?"

"Ziko taa mbili pale klabu. Moja juu ya paa, moja juu ya mlingoti. Ukiziona zimepangana, moja juu ya mwenzake, uko mbele ya mlango. Ukiziona zimeachana, uko mbele ya mawe. Taa zikiwepo, mimi hunipotezi."

Kathini aligeuka. Taa zilikuwapo, zimeanza kung'aa kwa umeme wa jenereta. Moyo ulimtulia kidogo. Akageuza uso baharini, akatazama.

Akatazama mpaka macho yakamwasha kwa chumvi. Kila povu lilikuwa kichwa. Kila kivuli kilikuwa mkono. Mara mbili alipiga kelele, mara mbili ikawa ni magugu ya bahari. Alianza kuomba kwa Kikamba, maneno ya mama yake, na katikati ya sala akajikuta anamlaumu Mungu, kisha anamlaumu Johnstone, kisha anaikumbuka chai ile aliyoifurahia ingali moto, na lawama hiyo hakuona pa kuitupia isipokuwa kifuani mwake.

Jua likazama.

"Shemeji," Chome alianza, kwa sauti ile ya mtu anayetafuta namna ya kusema turudi.

"Pale!"

"Wapi?"

"Pale, pale! Rangi ya chungwa!"

Safari hii hayakuwa magugu. Lilikuwa jaketi la kuelea, na ndani yake mtu. Kichwa kimelegea, mkono mmoja umeinuliwa. Kathini alilitambua jaketi lile. Yeye ndiye aliyelishona begani, kwa uzi mwekundu, kwa sababu mwekundu ndio uliokuwapo nyumbani.

"Musyoki!" alipiga ukelele uliompasua koo. "Musyoki wangu!"

Chome alileta boti ubavuni. Wakavuta kwa pamoja, mtu akaangukia ndani kama gunia la mashuka mabichi. Kathini alimkumbatia, akamgeuza uso.

Hakuwa Musyoki.

Alikuwa kijana wa kiume, midomo imemvimba kwa jua na chumvi. Kathini alimwachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Wewe nani? Wewe nani na jaketi la mume wangu?"

"Ivan," kijana alisema kwa shida. "Mimi ni mgeni wa hapo klabu. Nilikuja solo, peke yangu, kutoka Nairobi."

Chome alishika kichwa. "Mgeni! Na mgeni pia! Na hakuna aliyejua!"

"Hamkuwahesabu wageni?" Kathini alimuuliza.

"Siku hizi hatuhesabu, shemeji. Tuliambiwa mashine inahesabu."

Kathini alimkamata Ivan mabegani, akamtikisa. "Mwenye jaketi yuko wapi? Sema!"

"Nilipotea huko chini. Yeye akanirudia. Tukatoka juu, boti zote ziko mbali. Jaketi yangu ilikuwa imetoboka, haishiki hewa. Akanipea yake. Akaing'oa filimbi akabaki nayo."

"Halafu?"

"Boti moja ilikuwa inazunguka, inatutafuta. Ilikuwa karibu kiasi. Akasema, huyo ni Chome, Chome hawezi kuniacha. Akaogelea kuifuata. Alipiga filimbi mara moja, kwa nguvu kabisa." Ivan alifumba macho. "Boti ikageuka, ikaenda."

Chome alikuwa ameacha usukani. Alikaa chini kwenye maji yaliyotuama botini, mikono magotini, mdomo wazi.

"Ndege," alisema. "Nilisema ni ndege. Nilikwisha kujibiwa kwamba amerudi, shemeji. Angewezaje kupiga filimbi mtu aliyekwisha rudi?"

Kathini alitaka kumpiga. Badala yake aliinama akazima injini.

"Nyamazeni wote," alisema. "Sikilizeni."

Walisikiliza. Maji yaligonga ubavu wa boti. Meno ya Ivan yaligongana. Mbali, upande wa pwani, mawimbi yalivunjika juu ya mwamba kwa mngurumo usiokoma.

Kisha wakaisikia. Ilikuwa moja tu, nyembamba, imechoka.

Filimbi!

"Yu hai!" Kathini alisimama, boti ikayumba. "Mungu wangu, yu hai! Wapi? Imetoka wapi?"

Chome alikuwa ameinua kidole. Kilielekea kwenye mngurumo.

"Mwambani," alisema. "Maji yamemsukuma juu ya mwamba. Na sasa bahari inakupwa, mawe yote yako nje. Nitaingia, shemeji, lakini lazima nizione taa. Bila zile taa, boti hii tunaivunja kama nazi."

Aliruka kwenye usukani. Ndipo redio ikakohoa.

"Nahodha." Ilikuwa sauti ya Concepta, ya kunong'ona na kulia. "Nahodha Chome, unanisikia?"

"Nakusikia. Tumemwokoa mmoja. Waambie watu waje na..."

"Hakuna watu, nahodha. Mwenye klabu amepiga simu. Hakuuliza kuhusu Musyoki. Ameuliza, mashine inasemaje? Meneja akaenda kwenye kompyuta, akabonyeza."

"Akabonyeza nini?"

"Kitufe. Sasa inasema nyote mmerudi. Wewe umerudi. Boti imerudi. Mwenyewe amesema vizuri, fungeni. Na Mramba, mlinzi, safari ikifungwa kazi yake ni kuzima jenereta. Nilimkimbilia nikamwambia awashe, lakini meneja ameondoka na ufunguo wa jenereta. Nahodha, naongea kwa betri. Rudini. Rudini sasa, kabla hakujawa giza kabisa!"

Kathini aligeuka kutazama pwani.

Ile taa ya juu ya mlingoti ilikuwa imekwisha kufa. Ile ya paa iliwaka wekundu kidogo, kama kaa, ikafa nayo.

Pwani nzima ya Galu ikawa mstari mmoja mweusi.

"Turudi," Ivan alilia. "Redio imesema turudi! Tafadhali, nahodha!"

Chome alimtazama Kathini, na katika mwanga ule wa mwisho uso wake ulikuwa wa mzee. "Shemeji, nikiingia pale bila taa huenda tusitoke sote. Sema wewe. Wewe ndiye mwenyewe."

Kathini aliitoa ile pete kwenye uzi, akaivaa katika kidole gumba, maana hapo tu ndipo ilipokaa. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Filimbi ya kwanza uliiacha, kaka Chome," alisema. "Hii ni ya pili."

Chome aliwasha injini. Pua ya boti ikageuka kuelekea mngurumo, polepole, kisha kwa kasi. Povu jeupe likaanza kuonekana mbele, na ndani ya povu, meno meusi ya mawe. Kathini alilala kifudifudi juu ya pua ya boti, mkono ameunyoosha gizani, akiita jina la mumewe.

Filimbi ikalia tena. Ilikuwa karibu sana, na kali kuliko mwanzo.

Lakini safari hii ililia nyuma yao.